Zipu ya Torunn

Mke wangu Torunn ana suti moja tu ya kuzamia, na suti hiyo ina umri wa miaka kumi na tisa. Torunn mwenyewe ana sitini na moja, na akijua nimeitaja namba hiyo sitapata chakula leo.

Ni suti ya kitambaa kizito cheusi, viatu vyake vimeunganishwa nayo, na ina kola ya mpira shingoni na nyingine kwenye kila kifundo cha mkono. Ndani unavaa sufu, na maji hayatakiwi kukugusa popote isipokuwa usoni. Bahari ya mji wetu mdogo wa wavuvi, Petersburg, mwezi wa Oktoba haina huruma. Ukiingia bila suti kama hii, kabla ya saa kuisha huwezi tena kukunja ngumi. Kuna jambo moja tu ambalo mwenye suti hawezi kujifanyia. Zipu yake inapita mgongoni, kutoka bega la kushoto hadi la kulia, na lazima mtu mwingine aifunge. Mtu huyo ni mimi, Eskil.

Torunn anaokota majongoo bahari. Anatambaa chini huko, mita kumi na tano au ishirini, anajaza mfuko wa wavu, na mimi nabaki juu kwenye mashua yetu, Sigrun, nikiangalia mashine ya hewa na mpira unaompelekea pumzi. Serikali hufungua bahari kwa uokotaji huu Jumatatu tu, saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Saa hizo saba sikai. Nazunguka sitaha mbele na nyuma mpaka rangi imefutika pale ninapopita.

Sikuwa hivi zamani. Misimu miwili iliyopita mpira wake ulijisokota kwenye mwani. Nikavuta mara moja kumuuliza kama yu salama, hakujibu. Nikavuta tena, kimya. Ilikuwa dakika nne. Kisha akaibuka upande wa pili wa mashua, akavua barakoa, akaniuliza kahawa iko wapi. Tangu siku ile natamani aache kazi hii, na kila nikitaka kusema ninajikuta nazungumzia hali ya hewa.

Binti yetu Sunniva hakuwa na woga huo. Krismasi iliyofuata, mbavu za kondoo zikiwa mezani, alimwambia mama yake kwamba inatosha, ajipumzishe. Torunn aliendelea kutafuna. Halafu akasema, mbele ya mkwe na wajukuu, kwamba siku suti yake itakapomlowesha mgongo ataitundika na hataivaa tena. Sunniva alifurahi. Mimi sikufurahi, kwa sababu nilijua suti ile hailowi.

Hailowi kwa sababu ya jinsi anavyoitunza. Kila jioni ya Jumatatu huiosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, nje kisha ndani, na kuining'iniza kichwa chini kwenye boriti ya banda, viatu juu. Haikunjwi hata kidogo. Kola hupakwa poda ya watoto. Meno ya zipu huyasugua nta, jino kwa jino, akiwa ameubana ulimi kwenye pembe ya mdomo. Viraka viko kumi na kimoja, na kila kimoja ameandika tarehe kwa kalamu. Tarehe ya harusi yetu aliwahi kuisahau mara mbili.

Sasa, kuna desturi. Hapa kwetu ukimfungia mtu zipu, unavuta mpaka mwisho, unapitisha kidole gumba kwenye kikomo kuhakikisha pale pamekutana, kisha unampiga begani mara mbili. Akizisikia hizo mbili anaruka. Haulizi. Kumuuliza mtu kama kweli amefunga ni sawa na kumwambia unadhani anataka kukuua. Nimewahi kuona ndugu wawili wakinuniana mwaka mzima kwa swali hilo.

Jumatatu ya kwanza ya msimu huu, Torunn alipanda mashuani, nikamfungua, na sufu yake ilikuwa imelowa mabegani. Akasema ni jasho. Jumatatu ya pili alilowa mpaka kiunoni, na meno yalikuwa yakigongana. Hakusema jasho tena.

Jumatano akaileta suti jikoni, akailaza juu ya meza. Akaziba mikono kwa makopo ya nyanya na shingo kwa sufuria ndogo, akaifunga zipu mwenyewe, akaijaza hewa mpaka ikanenepa kama mgeni aliyelewa. Kisha akapaka maji ya sabuni kila mahali, mshono kwa mshono, akisubiri povu. Povu halikutokea. Akageuza, akapaka tena. Akapaka zipu mara tatu. Alhamisi akarudia yote. Kwa hasira akakata kola ya shingo iliyokuwa nzima kabisa, akabandika mpya, na akaongeza kiraka cha kumi na mbili gotini, mahali pasipo na tundu, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuweka hofu yake.

Jumatatu ya tatu akalowa tena.

Alikaa juu ya kreti ya majongoo, nimemfunika blanketi, midomo imebadilika rangi. "Wiki ijayo ndiyo ya mwisho," akasema. "Ikinilowesha, basi. Nilisema mwenyewe."

Nilimpa kahawa na kugeukia usukani ili asione uso wangu. Nilikuwa na furaha, na furaha ile ilinitia aibu.

Jumamosi Torunn alikwenda kwa jirani, akaniachia kazi ya kupaka nta. Nilivaa miwani, maana ndani ya banda hakuna mvua wala mawimbi ya kuichafua. Nikasugua meno, nikafungua, nikafunga kujaribu. Kidole gumba kikaniambia imefika. Nilipoinama kuchukua kitambaa, jicho likaona uwazi pale kwenye kikomo, mdogo, upana wa punje ya mchele.

Nikafungua, nikafunga tena. Safari hii nilifumba macho, kama ninavyofanya mashuani, kwa mguso tu. Kidole kikasema imefika. Nikafumbua: punje ya mchele. Nilirudia mara kumi, na mara saba iliachwa wazi. Nikajichoma kidole gumba kwa ncha ya kisu, taratibu, nikaona ngozi inabonyea. Sikuhisi kitu.

Miaka arobaini ya kuvuta kamba zenye barafu imekula vidole vyangu, na mimi sikujua, kwa kuwa vinaendelea kushika nyundo na kikombe. Suti ilikuwa nzima. Aliyemlowesha mke wangu ni mimi.

Nilikaa juu ya ndoo. Punje ile ya mchele ingeweza kupanuka siku moja akiwa chini, na ningempiga begani mara mbili na kumtuma kwenye kifo chake. Halafu likaja wazo la pili, na hilo ndilo lililoninyima raha siku mbili. Nikinyamaza, na Jumatatu nikafunga kama kawaida, atalowa kidogo tu, kama wiki zilizopita. Atatoka, ataitundika suti, na sitazunguka tena sitaha ile maisha yangu yote. Sikuhitaji kufanya lolote. Nilihitaji kunyamaza tu, na kunyamaza ni kazi ninayoiweza.

Jumapili nilitembea mpaka bandarini na kurudi mara nne. Nilipanga makopo ya rangi kwa ukubwa, kisha kwa rangi. Nilifungua barua ya bima nikaisoma yote.

"Una siafu kwenye suruali?" Torunn akaniuliza. "Kaa chini, unanitia kizunguzungu."

Nikakaa. Nikasimama. Nikasema upepo umegeukia kusini.

Jumatatu, saa mbili kasorobo, tulikuwa tumetia nanga. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha. Mashua ya Wendell, jirani yetu wa miaka mingi mwenye mdomo usio na breki, ilikuwa karibu kiasi cha kuweza kuwarushia mkate. Torunn akavaa, akaingiza mikono, akanipa mgongo.

"Funga."

Nikavuta zipu toka bega la kushoto. Ilipita laini, nta ilikuwa nzuri. Ikafika kulia, ikasimama. Nikapitisha kidole gumba, na kidole kikasema kile kinachosema siku zote. Miwani ilikuwa mfukoni. Niliivaa, na mvua ikaijaza mara moja nikawa sioni kitu. Nikaivua.

Alisubiri. Mkono wangu ulikuwa hewani juu ya bega lake.

"Mbona hupigi?"

"Sijui kama imefika," nikasema.

Katika miaka kumi na tisa hakuwa amesikia maneno hayo. Akageuka polepole, na ilibidi nimweleze yote, kidole, punje ya mchele, mara saba katika kumi, huku kwenye redio wakihesabu dakika za kufunguliwa bahari. Nilizungumza nikitazama viatu vyake.

"Umejua tangu lini?"

"Jumamosi."

"Leo Jumatatu, Eskil."

"Najua."

"Nimekata kola nzima. Nimetia kiraka mahali pasipo na tundu. Na wewe ukakaa siku mbili unaniambia habari za upepo." Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Ulitaka nilowe."

"Nilitaka uache."

"Basi niambie niache. Una mdomo. Usiyaachie maji yakusemee."

Mvua ilikuwa ikitiririka kwenye shingo yangu. Nikamwambia. Nikasema, "Acha, Torunn. Zile dakika nne sijazimaliza mpaka leo." Nilikuwa na maneno mengine lakini hayo ndiyo yaliyotoka.

Mashua nyingine zilianza kuwasha mashine zao za hewa.

"Nimesikia," akasema. "Nitakujibu saa tisa. Sasa funga vizuri, watu wanaokota majongoo yangu."

Akanipa mgongo. Ndiyo, baada ya yote niliyomwambia, alinipa mgongo, na sijui kama mtu ambaye hajawahi kuzamia anaelewa maana yake. Nilifungua zipu yote na kuanza upya. Ilipofika mwisho niliangalia vidole vyangu kumi visivyo na faida. Kisha nikainama nikaweka mdomo, masharubu na yote, kwenye kikomo.

Mdomo haujavuta kamba yoyote. Mdomo ulihisi kila jino, na ukahisi uwazi, mwembamba, baridi, palepale. Nikavuta kwa mikono miwili, nikainama tena. Safari hii palikuwa laini, na ladha ya nta na chumvi.

"Eskil!" Wendell akapaza sauti kutoka kwao. "Mwache mama wa watu afanye kazi. Si mngemalizana nyumbani?"

Wafanyakazi wake wakacheka. Nikampiga Torunn begani mara mbili, na akaruka.

Nilizunguka sitaha. Kila robo saa nilivuta mpira mara moja, na kila mara ukajibu. Mifuko ikapanda imejaa. Saa nne, saa sita, saa nane. Nilimwaga kahawa bila kuinywa na kuchemsha nyingine. Zilipobaki dakika kumi kufika saa tisa aliibuka, nikamvuta ndani, nikamfungua, na bila kufikiri nikaingiza mkono mgongoni kwake kupima sufu. Vidole havikuniambia lolote. Nikalaza shavu langu pale katikati ya mabega.

Palikuwa pakavu, na pa moto.

Alivua suti, akaiosha nje kisha ndani kwa maji ya dumu, akaitundika viatu juu kwenye fremu ya winchi. Nilijifanya nakunja mpira wa hewa. Nilikuwa nimeukunja tayari. Nikaukunjua nikaukunja tena. Mwishowe nikashindwa.

"Saa tisa imepita," nikasema.

"Najua kusoma saa." Alikuwa anapangusa meno ya zipu kwa kitambaa, jino kwa jino. Kisha akasimama, akabana kitu kati ya kucha mbili, akakiinua kwenye mwanga. Ulikuwa unywele mmoja, mfupi, wa mvi.

"Unywele mmoja ukibanwa hapa, nitalowa kweli," akasema. "Jumatatu ijayo uje umenyoa."

Masharubu hayo nilikuwa nayo tangu kabla ya harusi. Niliyanyoa Jumanne asubuhi, na sikuweza kukaa chini mpaka Jumatatu.