Beibi au Peipi

Nilirudi Kericho na digrii ya isimu, habari ambayo majani chai yaliipokea kwa utulivu mkubwa. Ofisi nazo zilikuwa tulivu vilevile. Basi nikafanya lile jambo la busara ambalo mhitimu asiye na kazi hulifanya: nikajiunga na bendi ya roki, katika nchi ya watu wanaopenda rumba na pambio.

Tulikuwa watatu. Binamu yangu, fundi wa umeme, alipiga gitaa. Mpiga ngoma alikuwa kijana Mjaluo wa upande wa ziwa, mfanyakazi wa kiwanda cha chai, na alizipiga ngoma kana kwamba zimemtukania mama. Mimi nilishika besi, kwa sababu ina nyuzi nne tu na nilihesabu kwamba nafasi za kukosea ni chache. Nyimbo za watu tulizinakili kutoka kwenye kaseti, tukirudisha nyuma mpaka utepe ukalegea. Tulichokosa ni mwimbaji, na meneja wa klabu ya wafanyakazi alikuwa ametupa Jumamosi moja ya majaribio.

"Mkija bila mwimbaji naweka redio kaseti," alituambia. "Hiyo haiombi soda."

Tuliwasikiliza waimbaji katika stoo ya maziwa ya ushirika, Kapsoit, mchana, mitungi ikishaondoka. Wa kwanza, mwalimu wa kwaya, aliimba roki beti zote bila haraka kisha akauliza sauti ya tatu iko wapi. Wa pili alijua nyimbo zote lakini aliweza kuimba akiutazama ukuta tu. Nilimwelewa kabisa, ndiyo maana sikumtaka.

Wa tatu alitoka Sosiot akiwa na miwani ya jua, nje kukiwa na manyunyu.

"Nyinyi ndio bendi?" alituangalia mmoja mmoja. "Basi mmeokoka."

Akafungua kinywa. Ilikuwa sauti yenyewe, yenye mikwaruzo mahali panapotakiwa, na mabati yakaitikia. Kisha akafika kwenye kiitikio.

"Ooo, peipi!"

Nikanyamazisha besi. "Ni beibi."

"Ndiyo. Peipi."

"Beibi. B."

"P," alikubali kwa furaha.

Mimi pia ni Mkipsigis kama yeye, na lugha yetu haitenganishi b na p. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilisimama mbele ya darasa, nikataka kusema Biblia nikasema "Pipilia", na hilo ndilo likawa jina langu hadi siku ya kuvaa joho. Nilijitibu kwa karatasi mbele ya midomo: ukisema p inaruka, ukisema b inatulia. Nikamshikia mgeni wetu karatasi hiyohiyo. Ikaruka mpaka kwenye tope.

"Omera, ndugu yangu," mpiga ngoma akauliza, "unatafuta mwimbaji ama msoma habari?"

"Watatucheka."

"Nani? Meneja mwenyewe anauza 'pia' baridi."

"Wewe nyamaza," nikamwambia, "hata 'shoo' unasema 'soo'."

"Na soo zangu hujaa watu."

"Jumamosi ni kesho kutwa," binamu yangu akasema, akiwa ameshaanza kukunja nyaya. "Ni huyu ama redio kaseti."

Nilikubali, baada ya kulifikiria jambo hilo usiku na mchana wake, nikiwa na mpango. Ningeimba kiitikio kwa nyuma, kwa nguvu, niifunike ile p kwa b zangu zenye digrii.

Jumamosi ukumbi ulijaa wachuma chai waliovaa makoti yao ya kanisani. Mwimbaji alinyanyua mkono, miwani yake ikiwa usoni.

"Peipi!"

"Peipi!" ukumbi mzima ukajibu, wazee kwa vijana.

"Beibi!" nikasema mimi, peke yangu, sentensi nzima nyuma yao.

Kwenye kiitikio cha pili niliongeza sauti. Akina mama wa mstari wa mbele walianza kunitazama kwa huruma, kama mtu anayeimba wimbo wa taifa vibaya.

Wimbo ulipokwisha meneja alikuja na soda nne.

"Jumamosi ijayo mrudi," alimwambia binamu yangu. "Lakini huyu wa pesi, mwambieni kwanza ajifunze maneno."

Mwimbaji akaniwekea mkono begani. "Usijali, poss. Nitakufundisha mimi."

Nilitafuta jibu linalofaa, lenye heshima na vithibitisho vya kisayansi. Nilipolipata walikuwa katikati ya wimbo wa tatu, bila besi, na hakuna aliyelalamika.