Mkono Usiosikia

Mtaa mzima wa Kibaoni, pale Kilifi, ulimwita Gona "Koleo", naye aliitika kwa furaha. Ujana wake wote alibangua korosho kwa mikono mitupu, na yale mafuta makali ya maganda yakamla ngozi mpaka vidole vikawa sugu. Mtu akitaka kuwasha sigara, Koleo alichomoa kaa la moto jikoni kwa vidole viwili akampelekea, tena kwa madaha, huku wanawake wakipiga mayowe. Aliyecheka zaidi ni mkewe, Kadzo. "Mimi na huyu, koleo la dukani sinunui mpaka nife," alikuwa akisema. Ilikuwa raha, na nani angetafuta ubaya ndani ya raha ile?

Baadaye kiwanda cha korosho kilimpandisha Gona akawa fundi wa mitambo. Mwaka wa themanini na sita ukaletwa mkono wa chuma wa kufunga makopo. Mwanamke anaweka kopo na kifuniko chake, mkono unashuka, unabana, unapanda. Kifuniko au kidole, kwake ni mamoja. Haukukaa sana ukamchubua mama mmoja kiganja, na wenzake wakakataa kuusogelea. Kadzo alikuwa mmoja wao, na ndiyo kwanza ametoka uzazi, mtoto wao Mapenzi bado ananyonya.

Gona akasema mkono ule atautia hisia. Hakujigamba. Aliuhofia mkono wa mkewe, basi. Akaufungua penye kifundo, akapachika springi, na nyuma ya springi swichi. Chuma kikikandamiza kupita kiasi, springi inajikunja, swichi inalia ta, umeme unakatika. Kazi ilikuwa kukipata kiasi chenyewe, kwani springi ikilegezwa mno mkono unasimama juu ya kila kifuniko, na ikikazwa mno unavunja mifupa. Gona akaamua kupimia vidole vyake mwenyewe. Ni mapenzi hayo, jamani, mtu asimcheke.

Akakaza nati, akaweka vidole juu ya kopo mbele ya watu wote. Mkono ukashuka. Ta! Ukasimama.

"Unasikia?" akauliza Kamande, msimamizi mgeni kutoka bara, akimaanisha maumivu.

"Nasikia," akajibu Gona, kwa kuwa ile swichi ameisikia vizuri.

"Sana ama kidogo?"

"Kidogo tu, bwana."

Wanawake wakapiga vigelegele. Vinywa vyote vile vilivyozoea kumwita Koleo, hakuna hata kimoja kilichokumbuka jina lile limetoka wapi. Hata yeye mwenyewe hakukumbuka. Jioni kucha zake zilikuwa nyeusi, akadhani ni grisi, akasugua kwa sabuni mpaka akachoka.

Wa kwanza kurudi kwenye mashine alikuwa Kadzo. "Mume wangu ameshaujaribu," aliwaambia wenzake, akafunga leso kiunoni akakaa. Wiki haikwisha, kifuniko kikakaa upande, akanyoosha mkono wa kulia kukiweka sawa, na chuma kikashuka. Swichi ililia ta, kama ilivyopangwa. Lakini mifupa ilikuwa imekwisha pondeka. Kidonda kikaoza, na hospitalini wakamkata mkono penye kifundo.

Gona alirudi kiwandani peke yake, akaviweka tena vidole chini ya chuma kile. Safari hii hakutega sikio, alitazama. Aliona nyama ikibanwa mpaka ikawa bapa, akaona damu ikichuruzika kwenye ukucha, wala hakuhisi chochote. Hapo ndipo alipoelewa. Alilia hadi Kamande akamkuta.

"Si uliniambia unasikia?"

"Nilisikia, bwana," Gona akasema. "Kwa masikio."

Kadzo hakumlaumu. Kila aliyekuja kumpa pole alimwambia ni mapenzi ya Mungu, na Gona, akiwa nje mlangoni, alitamani heri angetukanwa. Mtaani jina la Koleo lilikufa bila mtu kulikataza. Jirani akitaka kuwasha sigara siku hizo, alinunua kiberiti.

Kumwosha mtoto kukawa kazi ya baba. Asubuhi moja alimimina maji ya moto kwenye karai, akachanganya na ya baridi, akatumbukiza mkono. "Sawa haya," akasema, akamnyanyua Mapenzi.

"Ngoja, baba Mapenzi."

Kadzo alisema taratibu, bila ukali wowote. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika leso ya kumfutia mtoto, basi akainama akatia majini kile kigutu, ambacho ngozi yake ilikuwa bado changa. Akakitoa upesi, akafumba macho.

"Ongeza baridi," akasema.

Gona akamkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, na kwa wa pili akamimina, kidogo kidogo. Hakuyatazama maji. Alimtazama mkewe usoni kila alipojaribu tena, kwa sababu ni usoni pale tu alipoweza kujua kama yangali yanaunguza.