Mkwamba wa Dirishani kwa Mama

Tangu mama yake apooze upande mmoja, Fundi hakutoka nje ya geti ila kukimbilia dukani na kurudi akihema. Jina la Fundi lilimganda kwa sababu ya cherehani, ingawa cherehani yenyewe sasa ilikuwa imefunikwa shuka sebuleni na wateja wamezoea mwingine. Kaka yake mkubwa alikuwa na kazi na familia, yeye hakuolewa. Basi mama akawa wake, bila kikao chochote kukaliwa.

Siku zilikuwa kumlisha, kumwosha, kufua, kumgeuza, kumgeuza tena. Mama alishinda akitazama dirishani, na huko hapakuwa na cha kutazama: ukuta mrefu, na nyasi za kapeti alizopanda kaka, ambazo hata panzi hakuzitaka.

Asubuhi moja muuza miche alisimamisha toroli lake getini.

"Nina waridi, dada. Nina na hili la kutoka ng'ambo, linachanua mwaka mzima."

"Ndege wanalipenda?"

"Ndege? Hili hata mdudu haligusi. Ndiyo sifa yake."

"Basi silitaki. Niletee kivumbasi, mshubiri, na mkwamba."

Muuza miche akacheka. "Mkwamba si wa kununua, dada. Unajiotea tu vichakani."

"Ndiyo maana nautaka. Ukishashika hautanililia maji. Wa kunililia ninaye tayari."

Miche ilipoletwa, Fundi akang'oa nyasi chini ya dirisha akaipanda, sikio likiwa chumbani. Mvua zilipopita, kivumbasi kikajaa nyuki. Chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo kama sindano iliyopinda, wakaja kunyonya maua ya mshubiri. Baadaye mkwamba nao ukazaa vitunda vyeupe, ndege wakavigombania mpaka mama akacheka kwa upande wake mzima wa mdomo. Fundi alifurahi. Kisha akawaonea wivu: wanakuja, wanashiba, wanaruka ukuta, wanakwenda zao.

Kaka alipokuja kuwajulia hali, alishika kiuno.

"Mdogo wangu, umefuga pori hapa. Nyoka je?"

Akaingia stoo, akatoka na panga.

"Fyeka tu, kaka," Fundi akasema taratibu. "Lakini ukimaliza, kaa na mama wiki moja. Na mimi nikapumue."

Kaka akabaki ameshika panga, hafyeki wala haliweki chini. Akatazama kichaka, akatazama dirisha.

"Mama anaipenda hii mimea?"

"Anaipenda."

"Basi iache," akasema haraka, kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa kutokea. Akaaga hata chai hajaimaliza.

Fundi alirudisha panga stoo, akasimama humo gizani kidogo. Bustani ilikuwa imepona. Lakini alijua fika kwamba kwa wiki ile moja angekubali ifyekwe yote, mpaka mzizi wa mwisho.

Mama akagumia chumbani. Alitaka kugeuzwa. Fundi akanawa mikono, akaingia.