Sikio la Beberu wa Gabrieli

Bucha ya Mikidadi pale Mwembesongo haikuwa na kibao. Ilikuwa na kichwa cha mbuzi, kilichoning'inia mlangoni tangu asubuhi mpaka nyama ya mbuzi yule iishe. Kila nyumba kule milimani, walikotoka mbuzi wake, ilikuwa na alama yake ya sikio, na mnunuzi akitazama alijua anakula mbuzi wa nani. Aliyekatwa ncha ya sikio la kushoto alikuwa wa Cecilia. Mabucha mengine yaliuza nyama isiyo na baba wala mama. Ukiuliza mbuzi katoka wapi, unaambiwa katoka zizini.

Cecilia alikuwa mjane, Mluguru wa vijiji vya misheni. Mikidadi alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo walikuwa watani, na kila Cecilia aliposhusha mbuzi alipokewa kwa matusi. Mikidadi alidai mbuzi wamekonda kwa sababu mwenyewe anawamalizia majani. Cecilia alijibu kwamba Mnyamwezi hajui mbuzi, anajua kubeba mizigo. Baada ya hapo ndipo walipoamkiana.

Mwaka ule wa uhaba, mji ulikaa wiki nzima bila nyama. Jumamosi Cecilia akaja na beberu mmoja tu. Foleni ilishafika barabarani. Mbele alikuwa Sherbanu, mke wa mwenye duka la vitambaa, na bakuli lake, huku nyumbani kwake wageni wa posa ya binti yake wakingoja.

Mikidadi akampeleka beberu uani, akamlaza, akapapasa sikio la kushoto kama ilivyokuwa desturi yake. Vidole vikatoka na jivu. Ncha ilikuwa imekatwa juzijuzi, ikapakwa jivu kukausha damu. Akageuza sikio la kulia. Lilikuwa na mpasuko wa zamani, alama ya Gabrieli, kaka yake Cecilia, aliyehamia kijiji kipya bondeni. Na habari za bondeni zilishafika mjini: mbuzi walikuwa wanakohoa na kufa.

Akamwita Cecilia. Hakumtania.

"Huyu si wako."

"Wa kaka yangu. Kabaki huyu tu. Kwetu, mbuzi wa kaka ni wangu."

"Kwenu ni wako. Mlangoni kwangu ni wa Gabrieli."

"Ningekwambia, ungemchukua?"

Mikidadi akamfungua beberu, akamrudishia Cecilia kamba.

Aliwatangazia watu kwamba leo hakuna nyama. Sherbanu akauliza kama wageni wake watatafuna kamba. Wengine wakanong'ona kwamba nyama imepelekwa kwa wakubwa kwa mlango wa nyuma. Mikidadi aliyameza yote. Jina la Cecilia hakulitaja.

Cecilia hakushuka tena. Masika yalipokwisha, Mikidadi akapanda mlima mwenyewe hadi kwake. Alimkuta beberu amenona, sikio limepona. Hakuwahi kukohoa hata mara moja. Mikidadi akalipapasa sikio lile, muda mrefu kuliko inavyompasa mnunuzi, kisha akaomba auziwe.

Cecilia akamkabidhi kamba. "Mchinje. Ila mtaje kwa jina la mwenyewe. Mimi sina tena mbuzi mlangoni kwako."

Mikidadi akangoja tusi, hata dogo tu, la mizigo. Cecilia akaingia jikoni.

Kesho yake kichwa kikaning'inia buchani, masikio mawili, alama mbili. Sherbanu akakitazama sana.

"Si wa Cecilia huyu?"

"Wa Gabrieli," alisema Mikidadi, akaanza kumkatia paja.