Mchi kwa Pumzi Yangu

Kwetu Rumonge, enzi za Wadachi, mwanamke aliyetwanga chikichi ndiye aliyeengua mafuta. Asiyetwanga alikaa pembeni kuchambua kokwa, akisubiri kupewa. Mimi sikuumbwa kusubiri kupewa.

Lakini kifua changu kilikuwa kimeharibika. Miaka mingi niliinamia vyungu vya mawese, moshi ukaniingia, kikohozi kikawa salamu yangu ya asubuhi. Nikiketi, nilipumua kama mtu yeyote. Nikishika mchi tu, pumzi zilibadilika, zikawa fupi na za haraka, mabega yakipanda. Watu walidhani hewa haiingii. Wapi! Iliingia, ilikataa kutoka. Kabla sijaitoa yote, mwili ulishadai nyingine, na kifua kilijaa mpaka nikaona giza.

Tulitwanga wawili katika kinu kimoja, mimi na wifi yangu, kwa kupokezana, na kila pigo tuliitoa pumzi kwa sauti, "hii". Siku moja nilichelewa pigo, michi ikagongana, wa wifi ukamponyoka na chikichi zikamwagika mchangani. Mama mkwe aliacha kuchochea moto, akaja.

"Weka muchi chini, mwanangu. Kifua yako iko mubaya. Kaa na wazee, uchambue kokwa."

Alisema kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonichoma. Wadachi walikuwa na amri zao huko bomani, lakini hii ilinifuata mpaka kinuni kwangu.

Sikuuweka. Niliuegemea, nikabana midomo kama napuliza kaa la moto, nikaitoa hewa taratibu mpaka tumbo likaingia ndani. Ndipo nikavuta kwa pua. Nikaanza tena: pigo moja la kuvuta, mawili ya kutoa. Wifi alilalamika kwamba kwa mwendo huo tutalala kinuni.

"Mama," nilisema, nikikata maneno ili nipumue, "kifua hata ikiwa mubaya, iko yangu. Ndiyo itatwanga. Wifi anifuate."

Wifi alinifuata. Mwanzoni alikosea, kisha "hii" yake nayo ikarefuka. Nyumba nyingine zilikuwa zimeshaengua, jua limeegemea magharibi, upande wa Kongo, chungu chetu kilipochemka. Mama mkwe alichukua kata ya kuengulia, akaitazama kidogo, akanipa mimi. Nilikuwa nahema, na sikumficha mtu. Niliengua mafuta yangu huku nikihema.