Mtani Aliponyamaza

Mimi ni nesi wa gari la wagonjwa hapa Tabora, na sina subira. Natanguliza hilo ili usije ukanishangaa mbele. Mtu aliye mahututi hahitaji hadithi, anahitaji dawa. Sasa njoo uishi na tabia hiyo katika mji ambao salamu peke yake ni kikao.

Mchana mmoja tuliitwa upande wa Kipalapala, mrina asali ameumwa na nyuki. Nilitegemea kukuta mtu kavimba jicho analalamika. Tulimkuta mzee kalala chini mbali kidogo na mizinga yake, vipele mwili mzima, midomo imevimba, pumzi inatoka kwa mluzi. Moyo ulikuwa unakimbia, na presha imeshuka hata mashine ikasita kabla ya kunipa jibu. Wapo watu ambao sumu ya nyuki ikiwaingia, mishipa yao ya damu inalegea yote kwa pamoja, na damu haifiki inakotakiwa. Hapo dawa ni adrenalini, tena sasa hivi.

"Shikamoo mzee," nikasema, huku navunja kichupa. Haikuwa adabu tu. Kwetu mtu mzima akishindwa kuitikia shikamoo, hali yake ni mbaya kuliko mashine inavyosema. Midomo ilichezacheza, marahaba haikutoka. Nilimchoma sindano ya paja juu ya suruali, maana suruali haina haki ya kunichelewesha, na dereva wangu akamwinua miguu na kumvalisha oksijeni.

Ndipo nikasikia kilio nyuma yangu. "Jamani, marehemu alikuwa mtu mzuri. Baiskeli yake kaniachia mimi."

Aliyelia alikuwa mzee mwenzake, fundi baiskeli, Mzaramo aliyehamia Tabora ujanani na kuzeekea hapa. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani ana ruhusa ya kukuzika ukiwa hai. Huyu alikuwa ameshavua mabuti ya mgonjwa na kuyavaa. "Yananibana," alisema. "Marehemu alikuwa na miguu ya kitoto."

Mgonjwa akataka kuinuka amjibu. Hapo nilishikwa na hofu, kwa sababu mtu ambaye presha imeshuka namna ile akiketi ghafla, moyo unakosa damu ya kusukuma, na anaweza kukata roho mbele yako kwa ajili ya baiskeli. Nilimkandamiza mabega. Kisha nikamwambia fundi kwamba akifungua mdomo tena nitamchoma yeye, na ninayo sindano kubwa zaidi.

Akanyamaza. Tulipompakia mgonjwa, fundi alipanda nyuma na mabuti yake ya urithi, akakaa kimya kabisa. Presha ilikuwa bado chini, kwa hiyo nikamchoma mzee sindano ya pili na kuiachia dripu ikimbie. Mara akafumbua macho, akamtazama mtani wake, akaanza kuhangaika na mikanda ya machela.

"Nesi," alisema kwa shida, "mtani hasemi. Nimekufa?"

Sipendi kushindwa, na kushindwa na mtani ndiyo kabisa. Lakini mzee alikuwa anajaribu kuinuka tena.

"Baba," nikamwambia fundi, "mtukane."

"Si umenikataza?"

"Sasa nakuomba. Mtukane taratibu, asije akacheka akainuka."

Fundi akakohoa, akajiweka sawa. "Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo hawakuanguka. Wewe umeangushwa na inzi mwenye mistari."

Mzee akatulia, akalala chali kama nilivyotaka. Kabla hatujaingia mjini mashine ilileta namba za kunipendeza, na nilipomwamkia tena alinijibu marahaba nzito, ya mtu mwenye wajukuu. Nilitaka kulia. Badala yake nikamkaripia dereva kwa mashimo ya barabara.

Hospitalini fundi alishindwa kushuka. Miguu ilikuwa inamtetemeka, akasingizia mabuti. Nikampima presha, ikawa juu mno, nikarudia mkono wa pili, ikawa vilevile. Akakiri kwamba vidonge vyake viko nyumbani, huvimeza akivikumbuka. Kwa kuwa hakuwa na maumivu ya kifua wala dalili ya kupooza, daktari hakutaka kuishusha kwa kishindo, maana kuiporomosha ghafla nako kunaweza kumdhuru mtu. Alipewa vidonge vyake, akalazwa kitanda cha jirani, na mabuti yakarudi kwa mwenyewe.

Mrina asali, sauti ikiwa bado inakwaruza, akaona zamu yake imefika. "Jamani, marehemu alikuwa fundi mbaya sana," akaanza kuomboleza. "Pampu yake naichukua mimi."

Fundi hakujibu. Alinyoosha mkono kuvuka nafasi ya vitanda, akaushika mkono wa mwenzake, akaung'ang'ania, machozi yanamtiririka hadi kwenye mto.

Mzee alimtazama, na mzaha ukamtoka usoni.

"Nesi," akaniita, "huyu kanyamaza. Mpime tena."