Mwiko Alioushika Gotse

Jumamosi, tarehe 29 Septemba 2018. Asubuhi umande na ubaridi kidogo. Mchana jua, bila upepo. Moshi ulipanda wima kutoka kwenye ua wa jengo letu, na kutoka ua wa jengo la pili, na wa lile la nyuma yake, mpaka mtaa mzima ukanuka pilipili za kuchoma.

Ilikuwa wiki ya aivari, rojo la pilipili hoho nyekundu linalopikwa na kufungwa chupani. Hapa Strumica hakuna nyumba inayoingia majira ya baridi bila chupa zake za aivari, na hakuna mke wa mtu anayependa kusikia kwamba yake imechacha. Ya Lenka ilichacha mwaka jana.

Lenka anakaa ghorofa ya tatu, juu yangu. Ana miaka thelathini na sita na anashona mifuko ya suruali kiwandani, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi pia kukiwa na oda kubwa, yaani karibu kila Jumamosi. Asubuhi humsikia kabla sijamwona: mlango wa jokofu, maji, kisha sauti yake ya chini akimwamsha Damyan, mtoto wake wa miaka mitano, ambaye huamka mguu mmoja kwanza na mwingine baadaye. Kahawa yake huitengeneza nzito, hunywa nusu amesimama dirishani, nusu nyingine huikuta jioni ikiwa baridi palepale.

"Kahawa yangu ina zamu mbili," aliniambia siku moja kwenye ngazi, "kama kiwanda."

Mwaka jana aliiepua aivari mapema kwa sababu Damyan alianguka na baiskeli akapasuka kidevu. Ilionekana imeiva, haikuwa imeiva. Kufikia Desemba vifuniko vilikuwa vimevimba. Mama mkwe wake, Bi Trayanka, anayekaa ghorofa yangu, mkabala na mlango wangu, hakumgombeza. Ingekuwa nafuu. Alifungua chupa moja, akanusa, akasema, "Haya." Akafungua nyingine, akanusa, akasema, "Haya." Majira yote ya baridi, kila alipokula mkate mkavu mezani kwa Lenka, alisema hilo hilo.

Kwa hiyo mwaka huu Lenka alitaka jambo moja: itoke vizuri. Na Sanda, binti yake wa miaka tisa, naye alitaka jambo moja. Jioni ya Jumamosi hiyo, saa kumi na moja, kikundi cha watoto kilikuwa kinacheza ngoma ya oro, ile ya mstari wa kushikana mikono, kwenye ukumbi wa mji, na Sanda alikuwa anapanda jukwaani kwa mara ya kwanza.

"Usipokuwepo, sipandi," alimwambia mama yake.

"Nitakuwepo."

"Hata siku ya shairi ulisema utakuwepo."

Ni kweli, alisema. Siku ya shairi Lenka alikuwa kiwandani.

Hesabu yake, hata hivyo, ilikuwa nzuri. Pilipili zilichomwa Ijumaa jioni, sisi sote wa jengo tukakaa kuzimenya mpaka vidole vikawa vyekundu, zikaning'inizwa kwenye mifuko ya shuka zichuruzike maji usiku kucha. Asubuhi zilisagwa kwa mashine ya kusagia nyama. Zingepikwa katika sufuria mbili, na sufuria mbili za kadiri huiva kabla ya saa tisa. Muda ungebaki wa kuoga, kuvaa na kumshika Sanda mkono mpaka ukumbini.

Basi akapanda juu kumsuka Sanda nywele. Mikia miwili, na uzi mwekundu wa sufu ndani yake, na Sanda akilalamika kwamba unabana, na Lenka akijibu kwamba usipobana utafumuka mbele za watu. Nilisikia wanacheka. Aliporudi uani, alikuta rojo lote, jekundu, limemiminwa ndani ya sufuria moja kubwa mno, ile ya mzee Vancho wa ghorofa ya pili, ambayo kwa kawaida hutumika kwenye harusi. Mafuta yalikuwa yameshatiwa. Sufuria ya pili ilikuwa imejaa chupa zinazochemshwa.

"Mama," Lenka alisema, "si tulisema sufuria mbili?"

"Sufuria mbili ni aivari mbili," Bi Trayanka alijibu, akifuta mikono kwenye aproni. "Moja itatoka tamu. Nyingine watu watauliza ilikorogwa na nani."

"Lakini hii itachukua mpaka jioni."

"Ichukue. Moto upo, kuni zipo, mikono ipo."

"Leo Sanda anacheza."

"Najua anacheza. Nimempigia pasi soksi." Bi Trayanka alitazama ndani ya sufuria. "Mwanangu, nilitaka usiwe na wasiwasi. Sufuria moja, jicho moja."

Alimaanisha hivyo, na ndiyo maana Lenka alishindwa hata kukasirika. Akashika mwiko.

Aivari haiachwi. Ukiiacha kidogo tu inashika chini, na ikishika chini ladha ya kuungua hupanda mpaka juu. Inakorogwa hadi mwiko ukipita chini ya sufuria uache njia, na njia ile ikae wazi badala ya kufunga. Kwa desturi wanaume hubeba magunia, hupasua kuni, kisha hukaa kwenye benchi na rakia yao, pombe kali ya matunda, kuulinda moto. Mwiko ni wa wanawake. Bi Trayanka bega lake halimruhusu tena, kwa hiyo mwiko ulikuwa wa Lenka.

Kwenye benchi walikaa Vancho na Gotse, mume wa Lenka, mtu mpole anayeendesha gari la kusambaza mikate na anayeweza kulala popote.

"Lenka, koroga kwa moyo," Vancho alisema. "Mwaka jana nilipewa chupa moja, ikafunguka yenyewe usiku. Nikadhani mke wangu amerudi."

"Mke wako hawezi kurudi, mzee," Lenka alimjibu. " Anakujua."

Gotse akacheka. Lenka akamtazama, naye akaacha, akaongeza gogo.

Haukuwa mchana mbaya, pamoja na yote. Damyan alizunguka na kipande cha mkate, kila akipita anauchovya ukingoni mwa sufuria, mpaka akawa na masharubu mekundu. Lenka alimwonya mara ya kwanza, mara ya pili akamkatia kipande kikubwa zaidi, mara ya tatu akala yeye mwenyewe, haraka, mgongo wake ukiwa umemgeukia mama mkwe. Sanda alimletea kahawa ya asubuhi, ile nusu ya pili, akamshikia kikombe mdomoni anywe bila kuacha kukoroga.

"Baridi," Lenka alisema. "Nzuri."

Jua likahama ukutani. Saa tisa aivari ilikuwa bado majimaji. Saa kumi Lenka alipitisha mwiko chini, njia ikafunguka, ikafunga mara moja kama vile haijawahi kuwepo. Bi Trayanka aliyekuwa anaangalia akatikisa kichwa. Lenka akapitisha tena, taratibu zaidi, kana kwamba inategemea adabu. Ikafunga tena.

Ndipo Sanda akatoka mlangoni. Alikuwa amevaa vazi lake lote: shati la mikono mipana, aproni ya sufu, mshipi uliozungushwa mara nyingi mpaka akawa mnene katikati, soksi zilizopigwa pasi. Alitazama sufuria, akamtazama mama yake, kisha akainama kujifanya anafunga kiatu, na viatu vile havina kamba.

Lenka aliendelea kukoroga. Alikoroga mizunguko kama minne mitano. Halafu akasema, bila kupaza sauti, "Gotse, njoo."

"Kuni?"

"Njoo ushike."

Gotse akaja, akasimama mbele ya mwiko kana kwamba amepewa mtoto wa watu amshike.

"Mimi?"

"Kwani kuna Gotse mwingine?"

"Mwanamume akoroge aivari?" Bi Trayanka alisema. "Tangu lini?"

"Tangu sasa, mama." Lenka alikuwa anakunja mikono ya sweta lake. "Ikiungua, iungue. Utaniambia 'haya' mpaka Pasaka, nitasikiliza."

Bi Trayanka akavuta kreti la chupa, akaligeuza, akaketi juu yake karibu na sufuria, akaokota kijiti.

"Chini," alimwambia mwanawe, akimgusa kiwiko kwa kijiti. "Chini kabisa. Usiibembeleze."

Niliwapeleka Lenka na Sanda kwa gari langu, maana kwa miguu wangechelewa. Njiani Lenka alijitazama kwenye kioo: nywele zina majivu, sweta lina matone, kwenye kifundo cha mkono ana alama nyekundu pale aivari ilipomrukia.

"Nanuka kama tanuri," alisema. "Sanda, watu wakikuuliza, mimi ni shangazi wa mbali."

"Nitawaambia ni mpishi wetu," Sanda alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu tangu mchana.

Lenka alitaka kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, asije akamsumbua mtu kwa harufu. Lakini tulipoingia tu tukaipata harufu hiyo hiyo: ukumbi mzima ulinuka moshi na pilipili. Safu kwa safu walikaa akina mama wenye vidole vyekundu, mmoja amevaa gauni la hariri na viatu vya uani. Mwanamke wa kiti cha jirani alimwinamia Lenka.

"Yenu imeiva?"

"Nimemwachia mume."

"Yesu na Maria." Akasogeza mkoba wake ili Lenka akae vizuri. "Mimi nimemwachia dada yangu, na hatuelewani."

Watoto wakaingia wameshikana mikono. Sanda alikuwa wa mwisho kwenye mstari, mkiani, mahali pagumu, kwa sababu mstari ukikunja mkia ndio unaovutwa kwa nguvu. Alikuwa anatafuta. Macho yake yalipita safu ya kwanza, ya pili, yakaenda mbali sana, yakarudi. Lenka akasimama kabisa, na sweta lake la majivu, akabaki amesimama mpaka waliokaa nyuma wakaanza kuguna. Sanda akamwona. Ngoma ikapigwa.

Alikosea hatua mara moja, kwenye kona, mguu wa kushoto ukaenda mahali pa kulia, akauvuta na kuendelea. Sidhani wengi waliona. Mimi nilikuwa natazama mkono wa Lenka. Ulikuwa juu ya goti lake, na muda wote wa ngoma ulikuwa unazunguka polepole, unakoroga.

Tuliporudi giza lilikuwa linaingia. Gotse alikuwa amevua shati, amebaki na fulana, jasho linamtoka, na tone jekundu limemkaukia kwenye paji la uso. Vancho alikuwa anapasua kuni, jambo ambalo halijaonekana siku nyingi. Bi Trayanka bado alikuwa kwenye kreti na kijiti chake.

Lenka alisimama mbali kidogo na moto. "Imeshika?"

"Upande mmoja," Gotse alisema. "Nilipiga chafya."

Bi Trayanka hakugeuka. Alikuwa anamtazama Sanda. "Ulikosea?"

"Mara moja, bibi."

"Nani aliona?"

"Mama."

"Basi." Bibi akampapasa mshipi. "Hebu nionyeshe nilichokosa kuona."

Sanda akacheza pale uani, peke yake, mkono mmoja ukiwa umeshika hewa. Damyan akauona ule mkono mtupu, akaenda akaushika kwa vidole vyake vya mafuta. Bi Trayanka alipiga makofi magotini, bega zima na bovu pamoja. Wakati huo huo Lenka alichukua mwiko kutoka kwa mumewe, akaupitisha chini ya sufuria. Njia ikafunguka. Ikabaki wazi, pana, safi, na mafuta yakaanza kuchuruzika taratibu pembeni yake.

"Angalia," alisema, lakini si kwa mtu fulani.

Tulijaza chupa kwa mwanga wa taa ya ngazi. Ile ya chini, iliyoshika, hatukuikwangua, ila mwishoni rojo lilikuwa na weusi kidogo, na chupa mbili za mwisho Bi Trayanka aliziweka kando.

"Hizi ni za Gotse," alisema. "Asimpe mtu."

Jumapili asubuhi hapakuwa na wingu. Lenka aliteremka kabla watoto hawajaamka, akiwa na kahawa yake. Makreti yalikuwa uani yamefunikwa blanketi, kama alivyoyaacha. Alibonyeza vifuniko kwa kidole, kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vimetulia. Kisha akaketi kwenye benchi la wanaume, akafungua chupa moja ya Gotse, akapaka mkate, akaweka jibini nyeupe juu.

Bi Trayanka alitoka na koti juu ya nguo ya kulalia. Akaketi kando yake, akachukua kisu, akajipakia kipande, akatafuna kwa muda mrefu.

"Ina moshi," alisema.

"Ina moshi," Lenka alikubali.

Mama mkwe akapaka kipande cha pili, kinene kuliko cha kwanza. "Haya," alisema, akainuka nacho, akarudi ndani kwake.

Lenka alibaki benchini akanywa kahawa yote mpaka kwenye machicha, ikiwa bado moto. Halafu akapanda juu kumfumua Sanda, ambaye alikuwa amelala na mikia yake miwili.